Nyumba Aliyoiruka Mwalimu

Mwalimu alikuwa haelekezi mtu njia kabla ya kumwuliza, "Umesimama wapi?" Mtu yuko mbele yake, kiatu kwa kiatu, na bado anaulizwa amesimama wapi. Wageni walidhani ni utani wa kizee. Sisi tuliosoma kwake tulijua hatanii hata chembe, na kwamba asiyejibu vizuri ataachwa hapo juani mpaka ajitambue.

Alitufundisha kompyuta katika chuo kidogo pale Njoro, ghorofani, juu ya duka la chakula cha mifugo, kiasi kwamba mpaka leo nikinusa pumba nakumbuka nyaya. Somo lake lilikuwa jinsi mashine inavyotunza mafaili na inavyoyapata yakiitwa. Walimu wengine somo hilo wanalimaliza mchana mmoja. Yeye alikaa nalo karibu muhula mzima, na nisiwe mnafiki, lilinichosha. Nilikuja pale kujifunza kutengeneza mashine nipate kazi mjini, nikajikuta nafundishwa kubisha hodi.

Maana ndivyo alivyolifundisha. Alitupanga kuanzia mlangoni hadi dirishani, kila mmoja akawa folda, na kila folda ikapewa karatasi yenye majina ya walio chini yake moja kwa moja, hao tu, na kando ya kila jina namba ya mahali aliposimama. Mlangoni alimsimamisha kijana mmoja mnene wa Machame, akamwambia, "Wewe ndiye mzizi. Kila safari inaanzia kwako." Mimi nikatumwa kutafuta faili linaloitwa barua, lililomo kwenye folda ya mama, iliyomo kwenye folda ya nyumbani. Rafiki yangu aliyekuwa folda ya mama nilikuwa namwona pale dirishani anachekacheka. Nikamwendea moja kwa moja.

"Rudi mlangoni," Mwalimu akasema.

"Lakini Mwalimu, si huyu hapa? Namwona."

"Wewe unamwona. Mashine haioni. Mashine imepewa majina tu ya kuulizia. Rudi."

Nikarudi nimenuna. Nikamwuliza mzizi barua iko wapi, akasoma karatasi yake juu mpaka chini, akasema hana mtu wa jina hilo. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaniambia nisimwulize mtu habari za wajukuu, nimwulize habari za mtoto wake. Nikauliza nyumbani ni nani, nikapewa namba. Namba ikanifikisha kwa msichana aliyekuwa nyumbani. Naye barua haijui, ila mama anamjua, akanipa namba ya mama. Ndipo nikafika dirishani kihalali na kukabidhiwa barua yangu. Tangu siku hiyo Mwalimu akaniita Mama Mkato, na jina likaning'ang'ania hata baada ya chuo.

Yule mzizi wa Machame hakuridhika. Akauliza kwa nini yeye asipewe orodha ya wote mpaka wa mwisho, si ingekuwa haraka zaidi?

"Babu yako kule kwenu anajua kila kitukuu analala chumba gani?" Mwalimu akamwuliza.

"Hajui, Mwalimu."

"Na mgeni wa kitukuu huyo huwa anafika au hafiki?"

"Anafika. Anauliza uliza."

"Basi."

Alipenda sana hiyo "basi" yake. Akiisema amefunga somo, na ukitaka zaidi umngoje kwenye ngazi. Huko kwenye ngazi ndiko alikokuwa anasema maneno yake mazuri zaidi, huku akimimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Hapo ndipo aliponiambia kwamba faili halijui jina lake. Nilidhani anatania. Akaeleza kwamba jina halikuandikwa kwenye faili, limeandikwa kwenye folda iliyolibeba. Faili lenyewe ndani yake ni namba na maneno yaliyomo, hata halijui linaitwaje. "Jina lako analo aliyekuzaa na waliokulea," alisema. "Wewe umeambiwa tu." Nilikaa na neno hilo siku nzima, na nilikasirika kidogo kwamba lilikuwa kweli.

Somo la ruhusa ndilo lililotugawa. Alisema kuna folda unayoruhusiwa kuipita lakini huruhusiwi kuona waliomo ndani. Wenzetu waliozaliwa mjini walikuna vichwa. Utapitaje mahali usipopaona? Sisi wa mlimani tulielewa kabla hajamaliza, kwa sababu huku juu njia ya kwenda kwenu inakatiza kwenye kihamba cha mwenzio, shamba la nyumbani kwake, chini ya migomba yake, kando ya zizi lake, mbele ya jiko lake. Unapita, unasalimia, unakwenda zako. Hukukatazwa kupita, umekatazwa kuchungulia chungu. Ukijua jina la unayemwendea, njia ni yako. Ukianza kuhesabu ng'ombe wa watu utaulizwa wewe ni nani. Akaongeza jambo moja ambalo wakati ule niliona la kawaida. Faili lenyewe linaweza kuwa wazi kwa kila mtu, alisema, lakini mlango mmoja wa katikati ukifungwa halifikiki, na mwenye faili anaweza asijue kwa nini siku hizi hatembelewi.

Mtu aliyefundisha haya, ungedhani nyumba yake ya ndani imepangwa. Wapi! Kioo cha kompyuta yake kilijaa mafaili mpaka picha ya nyuma haionekani, na majina yake yalikuwa "mpya", "mpya kabisa", "mpya ya mwisho" na "hii ndiyo". Miwani aliitafuta kila asubuhi. Tulipomcheka alisema miwani haina njia, inawekwa tu. Alikuwa mkali kwa mtu anayesema "mashine imegoma", maana lazima useme imegoma hatua gani, mlango upi ulijibu na upi ulikataa. Lakini mkewe akimwuliza kwenye simu amekwama wapi mbona chakula kinapoa, alisema yuko njiani, na alikuwa bado ameketi. Sifa alizitoa kwa shida sana. Ndizi alizitoa bila kuombwa, mkungu mzima kutoka kwake Uru, anaubwaga mezani asubuhi na kusema, "Gaweni, msigombane."

Hakuna aliyegombana juu ya ndizi zake. Aliyekuwa na ugomvi ni yeye.

Tulikuja kuujua kwa sababu ya Krismasi moja alipotualika kwake. Alitupa njia kama alivyotufundisha, lango kwa lango: mnashuka mwisho wa lami, mnapandisha mpaka kanisani, mnashika kushoto penye zahanati, mnauliza kwa fundi seremala, seremala atawaonyesha mtaro wa maji, mnaufuata mtaro mpaka kwangu. Tulifuata. Mtaro wenyewe ulikuwa ukingo mwembamba wa udongo uliolowa, shimo upande mmoja na maji upande mwingine, na sisi tumevaa viatu vya sikukuu. Yule mzizi wa Machame akateleza akaingia majini mpaka magotini. Mbele yetu, ng'ambo ya migomba, nyumba ya Mwalimu ilikuwa inaonekana kabisa, na katikati kulikuwa na boma la mtu ambaye hakututajia. Nikasema mimi ni Mama Mkato, nikageuka nikaingia humo, na wenzangu wakanifuata.

Mzee mmoja alikuwa anawapa ng'ombe majani. Alikuwa na masikio ya Mwalimu, yale makubwa yaliyosimama, hata mtoto angeyatambua.

"Shikamoo baba. Tunaomba kupita."

"Marahaba. Mnakwenda kwa Mwalimu? Piteni, mama. Njia ndiyo hii, hakuna nyingine."

Tulipofika Mwalimu alitushangilia, akatukalisha, akaanza kutumiminia mbege, pombe yetu ya ndizi. Akauliza tumepita wapi mbona wengine wamekauka. Nikamwambia, hapo mbele, kwa mzee mmoja. Akaendelea kumimina mpaka kibuyu kikafurika.

Mkewe ndiye aliyetueleza, tulipokuwa naye jikoni tunaosha vyombo. Mzee yule ni kaka yake, tumbo moja. Mwalimu ni kitinda mimba, kwa hiyo ndiye aliyerithi nyumba ya baba yao kule nyuma, na kaka akapewa kipande cha mbele. Baba alipofariki, kaka aling'oa mibuni ya marehemu akapanda miparachichi, kwa kuwa kahawa ilikuwa imemchosha. Mwalimu aliipenda ile mibuni. Siku ya kuanua matanga, mbele ya ukoo mzima, alisimama akamwambia kaka yake kwamba mtu anayeng'oa kahawa ya baba si mtoto wa baba.

"Neno baya sana," mkewe alisema, mikono ikiwa ndani ya maji. "Akajua ni baya hata kabla hajakaa chini."

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, ule mmea tunaopanda mipakani, na akilipokea mkononi hana ruhusa ya kuendelea na ugomvi. Mwalimu alilikata jani, akampa binti wa dada yao apeleke. Binti akaenda, akarudi nalo vilevile. "Mjomba mkubwa hayupo," akasema. Mwalimu akalichukua, akalitupa zizini. Tangu siku hiyo akawa anapita mtaroni. Mtu akimgusia habari za kaka yake alijibu kwa maneno yaleyale, "Nilishauliza. Hayupo."

Hayupo! Mtu anayeonekana kila siku akiwakatia ng'ombe majani. Nilirudi mjini siku ile nimemkasirikia Mwalimu wangu kuliko siku zote alizonirudisha mlangoni. Lakini wewe ungemwambia nini? Mwanafunzi hamwambii mwalimu wake maneno kama hayo, na mtoto wa watu haingilii ya ndugu wawili.

Baadaye nilipata kazi kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye karakana ya madirisha ya aluminiamu mjini. Alikuwa na mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, ya nyuma inatunza michoro na ya mbele inaiita wateja wakija. Siku moja mteja amesimama kaunta, nikauita mchoro wake kwenye mashine ya mbele, nikajibiwa haupo. Nikakumbuka kwamba sijauweka. Nikakimbia nyuma nikauweka, nikarudi mbele nikauita tena. Haupo. Nikaenda nyuma, upo. Mbele, haupo. Nilizunguka hivyo mpaka jasho likanitoka na mzee akaanza kusema na Mungu wake. Nikampigia Mwalimu. Akaja kwa miguu kutoka Njoro, na chupa yake ya chai.

"Uliuliza kabla hujauweka?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi hiyo ya mbele inakumbuka. Mashine ikitafuta kitu ikakikosa, inaweka kichwani kwamba hakipo, ili ukiuliza tena isisumbuke kutembea njia nzima. Si ujinga, ni akili nzuri sana. Ila jibu la 'hakipo' lina umri. Likizeeka linatupwa, unakwenda kuuliza upya."

Alimimina chai, akampa mteja, akampa na mzee. Walipomaliza vikombe akaniambia, "Uliza." Nikauliza. Mchoro ukaja.

"Arre, Mwalimu," mzee akasema, "hii mashine ina kiburi!"

"Haina kiburi," Mwalimu akajibu. "Imeshika jibu la zamani."

Nilimtazama wakati anayasema hayo. Nilitafuta usoni kwake kama ameyasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa anafunga kifuniko cha chupa, na anatafuta miwani yake ambayo ilikuwa kichwani.

Alistaafu akabaki Uru moja kwa moja. Goti lake moja likawa bovu. Tulisikia habari zake mara moja moja, mpaka mwaka huu, baada ya mvua kubwa, mkewe aliponipigia. Mwalimu ameanguka mtaroni. Hakuvunjika, lakini alikaa majini muda mrefu akisubiri mtu apite, kwa sababu hakutaka kuita kwa sauti na mtu wa karibu wa kumsikia alikuwa kaka yake.

"Na bado anasema akipona atapita hukohuko," mkewe akaniambia. "Mimi sigombani naye tena. Namwuliza swali moja tu. Siku akifa, jeneza litapita wapi? Mtaroni?"

Nikapanda Uru siku ya pili yake. Safari hii wala sikuutazama mtaro. Nilipita kwa kaka. Hakukuwa na mtu uwanjani, ila nilibisha hodi kama nilivyofundishwa, nikapita. Na hapo nikaona jambo ambalo Krismasi ile, kwa haraka ya viatu, sikuliona. Njia ilikuwa imefagiliwa. Majani yamefyekwa pande zote mbili, na mgomba uliokuwa umeinamia njia umeegemezwa na mti usimzuie mtu, mpaka kwenye masale ya mpaka wa Mwalimu. Ng'ambo ya masale, upande wake yeye, majani yalikuwa yananifika kiunoni.

Nilimkuta ameketi mlangoni, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo Mwalimu. Pole sana."

"Marahaba, Mama Mkato. Nimeshapoa. Umepita wapi?"

"Nimepita mbele."

Akatazama kuku wake. "Amekuzuia?"

"Sijamkuta. Njia imefagiliwa, Mwalimu. Mpaka kwenye masale yako."

"Anafagia uwanja wake."

"Uwanja wake unaishia zizini. Kutoka pale anafagia nini? Nani anapita huko, kama wewe hupiti?"

"Nilishauliza," akasema. "Hayupo."

"Hilo jibu lina umri gani sasa, Mwalimu?"

"Usinifundishe somo langu!" Alipiga kelele, kuku wakatawanyika, na jikoni mwiko ukanyamaza. Sikuwahi kumsikia hivyo, hata siku ile nilipounguza mashine ya chuo. Machozi yalinilengalenga, na nilijichukia kwa kuwa na machozi wakati huo.

"Sikufundishi," nikamwambia. "Nakurudishia tu. Binti alikwenda mara moja, akamkosa mtu. Mtu anaweza kwenda kwa daktari. Anaweza kwenda sokoni. Ungekuwa darasani ungetuchapa kwa jibu kama hilo."

Akawatazama kuku wakirudi mmoja mmoja. Nikaanza kufikiri jinsi ya kuaga bila kuonekana nimekimbia. Kisha akaita, "Mama! Fimbo yangu iko wapi?"

"Umeishika," mkewe akajibu kutoka jikoni.

Akainuka. Nilitaka kumshika mkono, akaukataa. Tulikwenda kwa kuyapasua yale majani marefu ya upande wake, yeye mbele, akichechemea na kusonya. Kwenye mpaka alisimama. Alikata jani moja la sale kwa kucha, taratibu, akalifuta umande kwa shati lake. Alisimama pale mguu mmoja huku na mmoja kule, muda mrefu kuliko goti lake lilivyotaka, na nilitamani kumwuliza amesimama wapi. Kisha akavuka.

Shemeji yake, mke wa kaka, alikuwa ametoka na kisu na beseni, anamenya ndizi za mtori mbele ya jiko. Alipomwona aliinuka, maganda yakamwanguka miguuni.

"Hodi," Mwalimu akasema. Sauti haikutoka vizuri, akairudia. "Hodi hapa, shemeji. Nimekuja kwa kaka."

"Karibu," mama yule akasema, na macho yakaenda kwenye jani, yakabaki hapo. Nilimwona anatafuta neno, na hana lingine ila lile la kweli. "Hayupo, shemeji."

Mgongo wa Mwalimu ulinyooka. Naujua mgongo huo, ni wa mtu anayegeuka kuondoka. Mama naye alijua alichokisema, maana alishika mdomo wake kwa mkono wenye utomvu wa ndizi. Nilisali, nasema kweli, nilisali kwa haraka kuliko nilivyowahi kusali kanisani.

"Hayupo tangu lini?" Mwalimu akauliza.

"Tangu asubuhi tu! Kashuka shamba la chini kukata majani ya ng'ombe."

"Atarudi?"

"Sasa asirudi aende wapi, shemeji, na ng'ombe wanalia?"

Mwalimu akatazama pembeni, akaona benchi lililoegemea ukuta wa jiko. Akajishusha polepole, mguu mbaya mbele, fimbo kando, na jani la sale akalilaza juu ya goti na kuliwekea kiganja lisipeperuke.

"Basi nitasubiri," akasema. Kisha akanitazama, macho mekundu. "Mama Mkato, wewe nenda, magari ya kushuka yataisha. Pita njia hiyo hiyo."

"Aika, Mwalimu," nikasema, asante ya kwetu mlimani, kwa sababu sikuwa na Kiswahili cha kutosha wakati ule.

Nilishuka kwa njia iliyofagiliwa. Chini kidogo ya zizi nikakutana na mzee mwenye masikio yale, anapandisha na mzigo mkubwa wa majani kichwani, pumzi juu juu. Nikampisha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Unatoka kwa Mwalimu?"

"Hapana, baba. Natoka kwako. Una mgeni."

Hakuniuliza ni nani. Alinitazama tu, kisha akatazama juu kwenye moshi wa jiko lake, akaanza kupanda kwa mwendo ambao mtu wa umri wake hapaswi kwenda nao akiwa na mzigo. Majani yalikuwa yanadondoka kwenye njia aliyoifagia mwenyewe, na hakugeuka kuyaokota.